Kazi Imekwenda, Amana Imebaki

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Wasomaji wetu wapendwa, mtu akiachishwa kazi, mshahara ndio wa kwanza kuondoka nyumbani, lakini hauondoki peke yake. Huondoka nao saa ya kuamka, huondoka jibu la swali "siku hizi uko wapi?", na huondoka ile heshima ya kuagwa asubuhi na kupokelewa jioni. Mume huketi barazani kimya. Mke hupima unga kwa jicho na kwa dua. Watoto huambiwa wasiulize habari ya karo mbele ya baba. Barua ya kuachishwa kazi ni karatasi moja tu, walakini nyumba nzima huisoma kwa miezi mingi.

Juma hili tumependa kulizungumza jambo hili kwa kuitazama Nairobi, na hasa mitaa ya Kibera na Kawangware, pamoja na sehemu iitwayo Kongo iliyomo humo Kawangware. Twaitazama kwa sababu mbili. Ya kwanza, nyumba nyingi za Pwani zina mtoto au ndugu aliyekwenda Nairobi kutafuta riziki, na wengi wao hufikia katika mitaa kama hiyo. Ya pili, yaliyoko kule yako pia Likoni, Kisauni na Majengo: watu wazima waliopoteza kazi wakiishi ukuta kwa ukuta na vijana ambao hawajapata kuajiriwa kabisa. Makundi haya mawili hupishana kila siku kwenye uchochoro mmoja, na kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hana la kumpa. Hapo ndipo penye makosa, na ndipo tunapotaka kupaeleza.

Mitaa yenyewe

Kibera ni mtaa wenye mizizi ya Kiislamu. Jina lake latokana na neno la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu. Tangu mwaka 1904 askari Wasudani waliotumikia jeshi la Waingereza walikaa pale na jamaa zao, na vizazi vyao ndio Wanubi wa leo. Walingoja zaidi ya miaka 100 kabla jamii yao haijapewa hatimiliki ya ekari 288, mwaka 2017. Reli ya kuelekea Uganda yapita katikati ya mtaa, na alfajiri utawaona watu kwa makundi wakitembea kwa miguu kuelekea Industrial Area kutafuta kibarua. Kawangware nayo imepakana na Lavington, mtaa wa matajiri. Wengi wa Kawangware huvuka barabara kila asubuhi kwenda kufua, kupika, kulinda milango na kujenga nyumba ambazo wao hawatalala ndani yake.

Kazi za namna hii hukatika upesi. Miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi wake kwa masharti ya wakopeshaji wa nje, na wengi walirudi nyumbani wakiwa na umri wa kufanya kazi bado. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga hoteli, shule na viwanda. Serikali ilianzisha mradi wa Kazi Mtaani, na vijana wa Kibera walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupewa fagio na koleo wasafishe mitaro kwa ujira wa siku. Msaada ule ulitia unga majumbani, nasi hatuudharau. Lakini mradi wa muda una mpaka wake. Ukiisha, kijana hubaki na yale aliyokuwa nayo kabla, isipokuwa awe amepata humo mtu wa kumjua kwa jina na kumpeleka mbele.

Kijana asiye na mtu wa namna hiyo yumo hatarini. Wako wamtafutao: muuza unga wa kulevya humtafuta, mwizi humtafuta, na mwanasiasa humtafuta wakati wa uchaguzi. Kibera iliungua baada ya uchaguzi wa 2007, na Kawangware ikamwaga damu Oktoba 2017. Aghalabu waliotangulizwa mbele ni vijana ambao siku nyingine hakuna aliyewauliza kama wamekula.

Ambacho barua haiwezi kukichukua

Hebu tumfikirie mtu mmoja, tusimtaje jina kwa sababu wako wengi. Amekuwa karani wa stoo kiwandani kwa miaka 19. Anaijua hesabu ya mali, anajua kuandika hati ya kupokelea bidhaa, anajua lori likifika nani atangulie kutia sahihi. Kiwanda kimepunguza watu, naye yumo. Je, amebakiwa na nini?

Amebakiwa na mambo matatu. La kwanza ni ujuzi wake, ambao haukuandikwa katika mali ya kiwanda. La pili ni mazoea ya kazi: kufika kabla ya saa, kusema "sijui" pale asipojua, kutotia mkono kwenye kisicho chake, kumjibu mkubwa bila kiburi na bila woga. La tatu ni jina lake. Wako madereva, wasimamizi, mafundi na wenye maduka wanaomjua kuwa ni mtu wa kweli, na akisema neno wanalisikiliza.

Sasa mtazame kijana wa Kongo wa miaka 20. Nguvu anazo, akili anazo, na simu anaijua kutushinda sisi. Alivyovikosa ni vile vile vitatu: ujuzi wa kazi, mazoea ya kazi, na mtu wa kumdhamini kwa neno. Katika mitaa ile kazi nyingi hazitangazwi gazetini. Msimamizi wa mjengo humwambia fundi, "niletee kijana wa kuaminika," na mlango hufunguliwa na kufungwa kwa maneno hayo machache. Kwa hiyo aliyeachishwa kazi anacho kile ambacho kijana anakitafuta. Wanachokosa wawili hawa ni kukutana.

Dini yetu yatupa mfano ulio wazi katika Sura ya Al-Qasas. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alitoka Misri akiwa amepoteza kila kitu: makazi, cheo na usalama. Alifika Madyan na njaa yake na uchovu wake. Penye kisima akawaona wanawake wawili wamewazuia wanyama wao kando, kwa kuwa wachungaji wamejaa na baba yao ni mzee. Musa hakusema, "mimi mwenyewe sina pa kulala." Aliwanyweshea wanyama wao, kisha akaenda kivulini, akamwomba Mola wake kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Kabla ya muda mrefu akaja mmoja wa wale wanawake kumwita, na binti akamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na uaminifu. Musa akapata kazi ya miaka minane au kumi, na nyumba, na mke.

Tuyaangalie mambo mawili katika kisa hiki. Musa alisaidia kwa kile alichobakiwa nacho, nguvu zake. Na kazi aliipata kwa kuwa yuko mtu aliyemwona akitenda, akamtolea ushahidi. Udhamini wa binti yule ndio udhamini ambao kijana wa Kibera anaungojea.

Muuguzi asiye na ajira

Kibera yenyewe ina mfano wake wa karibu. Mwaka 2000 alikuwapo pale mama mmoja mjane aitwaye Tabitha Atieno Festo. Alikuwa muuguzi aliyesomea, ana watoto, na hana ajira. Mwanafunzi wa Kimarekani, Rye Barcott, aliyekuja Kibera kwa utafiti wa chuo, alimpa dola 26, karibu shilingi 2,000 za wakati ule. Mama Tabitha akazitumia kuuza mboga. Mwaka uliofuata mwanafunzi yule aliporudi, alimkuta ameigeuza nyumba yake ndogo ya mabati kuwa zahanati, anawatibu majirani.

Tusiyapite haya kwa haraka. Mama huyu angeweza kula faida ya mboga na kunyamaza, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mikono yake ilijua kuuguza, na mlangoni pake palikuwa na wagonjwa. Alirudi kwenye amana aliyokuwa nayo.

Mwaka 2001 yeye, Barcott na Salim Mohamed, aliyekuwa amepata uzoefu wa kuwaunganisha vijana kwa michezo huko Mathare, waliasisi shirika la Carolina for Kibera. Kandanda liliwakutanisha vijana wa makabila mbalimbali, na kusafisha mtaa kukawa sehemu ya mchezo. Baadaye ukaja mradi wa Taka ni Pato, ambapo makundi ya vijana hukusanya taka na kuzigeuza kuwa bidhaa na kipato. Mama Tabitha alifariki mwaka 2004, na zahanati inayobeba jina lake ikaendelea kuwatibu watu wa Kibera. Yeye alianza kwa tiba, si kwa ajira za vijana. Ila njia ni ile ile: aliyekosa kazi aliangalia anachokijua, akaangalia aliye jirani yake, akaanza na chumba alichonacho.

Shoka na mpini

Huenda msomaji akauliza: mtu aanze vipi? Tutamjibu kwa kisa ambacho wengi tulikisoma chuoni tukiwa wadogo, kilichopokewa na Abu Dawud na Ibn Majah kutoka kwa Anas bin Malik. Mtu katika Ansari alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba. Mtume akamuuliza ana nini nyumbani kwake. Akasema ana tandiko na chombo cha kunywea maji. Mtume akaviagiza, akavinadi mbele ya sahaba, vikanunuliwa kwa dirhamu mbili. Akamwambia kwa moja awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma mtu yule akakate kuni auze, wala asimwone kwa siku 15. Alirudi na dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula.

Ndani ya kisa hiki mna mafunzo ya kutosha kwa karani wetu wa stoo. Kwanza, amuulize kijana ana nini kabla ya kumwambia hana nini. Huenda ana baiskeli mbovu, au aliwahi kumsaidia mjomba kushona. Pili, njaa itangulie kutazamwa, kwani hakuna anayejifunza na tumbo tupu. Tatu, apewe ala ya kazi au mlango wa kazi, kuliko noti ya kumaliza siku. Nne, aliye mkubwa atie mpini, yaani aende naye: amfikishe kwa fundi, amjulishe kwa jina, asubiri mpaka aone ameshika kazi. Tano, awekewe muda, na siku ya kurudi kutoa habari ijulikane. Kijana mmoja au wawili watosha kwa kuanzia. Anayechukua ishirini kwa mara moja hufanya mikutano, na mikutano haiajiri mtu.

Milango yenye kufuli

Zipo kufuli ambazo mtu mzima huzifungua kwa wepesi kuliko kijana. Ya kwanza ni kitambulisho. Asiyekuwa nacho hasajili simu wala haingii lango la kiwanda. Vijana wa Kinubi wameteseka sana kwa jambo hili, wakihojiwa asili zao kuliko wenzao. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi katika jambo la uraia. Mzee anayefuatana na kijana hadi kwa chifu, na makaratasi ya wazazi mkononi, humfupishia safari ya miezi.

Ya pili ni cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, ambacho waajiri wengi hukidai na malipo yake huzidi shilingi 1,000. Kwa asiye na kazi, hiyo ni chakula cha siku kadhaa. Ya tatu ni ushahidi wa ufundi. Wako vijana wanaojua kujenga, kushona au kutengeneza umeme kwa kumwangalia fundi wa jua kali, na hawana karatasi. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huwatahini mafundi kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza, na aliyejifunzia kazini naye huweza kuketi. Aliyewahi kufanya kazi kiwandani huujua mtihani huu, ilhali kijana wa Kongo huenda hajapata kuusikia.

Kwa mabinti tahadhari ni kubwa zaidi. Anayempeleka binti kufanya kazi za nyumbani aijue nyumba ile, ajue ujira ni kiasi gani na atapumzika siku gani, na kiandikwe. Upo muungano wa wafanyakazi wa KUDHEIHA unaowahusu watumishi wa majumbani. Na anayeambiwa kuna kazi Ghuba, wakala wake atazamwe kwanza kama ana leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Akina mama wa Pwani hawahitaji kufundishwa machungu ya safari iliyopangwa kwa pupa.

Haki ya nyumba na mali

Hatutaki mtu yeyote aitumie makala hii kuisahau nyumba yake. Kulisha walio chini yako ni wajibu, na kuwapoteza hao ni dhambi tosha. Kwa hivyo aliyepunguzwa kazini aanze kwa kudai haki yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mfanyakazi anayepunguzwa apewe taarifa ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Karani wetu wa miaka 19 ana haki ya ujira wa siku 285. Fedha hizo ni za nyumba, karo na mtaji wake mwenyewe. Kwa kijana atatoa wakati, maarifa na jina lake, na hivyo ndivyo vyenye thamani.

Fedha za ala za kazi zina mahali pengine pa kutoka. Imamu Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununua ala za kazi yake, na mwenye kujua biashara hupewa mtaji. Basi kamati zetu za misikiti, zinapogawa mchele mwezi wa Ramadhani, zikumbuke pia cherehani, mashine ya kunyolea na sanduku la vyombo vya fundi. Ama mikopo, wasomaji waangalie kabla ya kutia sahihi. Hazina ya Uwezo iliyoanzishwa 2013 hukopesha vikundi vya vijana na wanawake bila riba, kwa ada ya usimamizi ya asilimia 3 tu. Hustler Fund iliyozinduliwa 2022 ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mwenye shaka awaulize wanavyuoni walio karibu naye.

Neno kwa akina mama

Mama, mume au kaka aliyepoteza kazi hulisikia neno lako kuliko khutba yetu. Ukimwambia, "kutwa umekaa tu," amezama. Ukimwambia, "yule mwana wa jirani anataka kujifunza hesabu ya duka, nawe waijua," umemrudishia saa ya kuamka. Na ikiwa wewe ndiwe uliyeachishwa, hotelini, shuleni au nyumbani kwa watu, usiseme huna ufundi. Kupika chakula cha watu 200, kulea mtoto mchanga, kupanga chumba cha mgeni ni elimu, na wako mabinti wanaoihitaji.

Wala hatumwahidi mtu kwamba akisaidia leo ataajiriwa kesho. Musa aliajiriwa, wako wengine waliosaidia na wakaendelea kuuza mboga. Vijana nao hawatafaulu wote. Yuko atakayetoroka siku ya tatu, na yuko atakayekuaibisha kwa mtu uliyempa neno lako. Ukiaibishwa, mwombe radhi uliyemdhaminia, kisha umtafute kijana wa pili. Twalosema ni hili: siku uliyompeleka kijana kwa fundi ukarudi nyumbani, ukiulizwa ulikuwa wapi, unalo jibu. Na kijana naye, jioni ile, ana mtu wa kumweleza siku yake ilivyokuwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya riziki ya halali wote waliofungiwa, awahifadhi vijana wetu wa Nairobi na wa Pwani, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotia mpini shoka la mwenzao. Amin.

Wabillahi tawfiq.